Furaha ya utumishi inakauka kila msimu wa korosho: nipange vipi?

Mlezi_Chikundi

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi.

Naomba msaada wa mpango. Maneno ya kutia moyo nimeshapewa mengi na nashukuru, lakini ratiba bado ni ileile. Huduma ni tatu: ulezi wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto kanisani) kila Jumapili, kwaya (mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi), na hazina ya jumuiya. Nyumbani kuna watoto watatu, genge la mboga na mikorosho 60. Katikati ya mwaka ni kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, Oktoba hadi Desemba ni kuokota, na Oktoba hiyohiyo rozari ni kila jioni. Watoto wa Utoto wanafundishwa mbiombio, kwaya inapata sauti iliyochoka, daftari la hazina halifungwi kwa wakati. Ukiwa kanisani akili iko shambani, ukiwa shambani unajiona umemwibia Mungu.

Nipunguze kipi? Na kinachobaki, nikiandaeje kwa muda mchache bila kulipua? Wenye uzoefu wa kuongoza watumishi naomba mnieleze hatua kwa hatua.

---

Katekista_Nyangao

Milele amina, mama mlezi.

Anza na kalenda kabla hujaanza kuisulubisha dhamiri. Kwetu Kusini mwaka wa kanisa na mwaka wa mkorosho vinagongana palepale kila mwaka. Jambo linalojulikana tangu Januari haliwezi kuitwa dharura ya Oktoba. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama ya kalamu nyekundu kwenye asubuhi za salfa. Salfa ya unga inataka alfajiri, umande ukiwa bado majani na upepo haujaamka, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi tatu. Ukizihesabu utakuta ni asubuhi chache tu katika msimu mzima, wala si "miezi mitatu ya salfa" kama tunavyozoea kusema. Ikiangukia Jumapili, ongea mapema na mwenye mashine ya kupulizia muihamishie Jumamosi au Jumatatu. Anayekosa Misa kwa sababu ya salfa mara nyingi amekosa kwa sababu mashine aliiomba jana yake.

Kuokota ni tofauti, hakuahirishiki. Korosho ikilala chini na mvua za mwanzo zikaikuta, ubora unashuka, na mwizi naye hana Jumapili. Kwa hiyo Oktoba hadi Desemba kubali kwamba una nafasi ya huduma moja kubwa. Moja. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika tatu.

Rozari ya Oktoba isibebwe na watu walewale wanne. Jumuiya yenye kaya 15 ikigawana siku 31, kila kaya inaongoza jioni mbili na inabaki jioni moja ya wote. Orodha iandikwe Septemba, ibandikwe mlangoni kwa mwenyekiti. Anayeongoza siku hiyo ndiye anayefikiria mahali, taa na nyimbo. Wengine wanakuja kusali tu, na kuja kusali tu ni raha ambayo watumishi wengi wameisahau.

Sasa neno lenyewe: zamu. Tunasoma Luka 1 kila Majilio na tunapita bila kuona. Zekaria alikuwa wa zamu ya Abiya, moja kati ya zile zamu 24 za makuhani zilizopangwa katika 1 Mambo ya Nyakati 24. Na aya ya 23 inasema siku za huduma yake zilipotimia alikwenda nyumbani kwake. Alikuwa ametoka kumwona malaika hekaluni, hata hivyo akamaliza zamu akaenda nyumbani. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 8, Mlawi alianza kazi ya hema akiwa na miaka 25, akafika 50 akaacha kazi nzito, akabaki kuwasaidia ndugu zake. Utumishi wa Biblia una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwetu mtu anapewa daftari la hazina siku ya uchaguzi na hajui ataliweka chini lini, halafu tunashangaa uso wake umekunjamana.

Hapo Ndanda watawa Wabenediktini wapo tangu 1906, na Kanuni wanayoishi, ya Mtakatifu Benedikto, ni ya karne ya 6. Wengi tunaijua kwa "sala na kazi", lakini iliyo na dawa ya swali lako ni sura ya 35, inayohusu jikoni. Ndugu wanahudumiana mezani kwa zamu ya wiki moja moja. Tazama vitu vinne vilivyomo:

Walio dhaifu wapewe wasaidizi, ili wasiifanye kazi hiyo kwa huzuni. Huzuni ya mtumishi imetajwa wazi, na tiba yake ni mkono wa pili. Hakuambiwa aongeze bidii.

Saa moja kabla ya chakula cha wote, walio zamuni wapewe kinywaji na mkate zaidi ya posho yao ya kawaida, ili wahudumu bila manung'uniko. Manung'uniko mengine ni njaa tu. Mlezi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, akafundisha watoto 40 baada ya Misa, atawafokea. Muhogo wa kuchemsha na chai ya moto kabla ya kutoka, akikumbuka saa yake ya kufunga kabla ya komunyo, ni sehemu ya maandalizi.

Jumamosi anayemaliza zamu anafanya usafi na kufua vitambaa ambavyo ndugu hufutia mikono na miguu. Kisha vyombo anavirudisha visafi na vizima kwa mtunza ghala, naye anamkabidhi anayeingia, ili ijulikane kilichotolewa na kilichopokelewa.

Lichukue hilo la mwisho ulipeleke kwenye Utoto Mtakatifu kama lilivyo. Sanduku moja lenye kufuli: daftari la mahudhurio, manila, kalamu za rangi zilizohesabiwa, uzi, wembe wa kuchongea, kitabu cha nyimbo. Walezi wawe watatu, kila mmoja azibebe Jumapili mbili mfululizo. Makabidhiano ni Jumamosi jioni, kalamu zinahesabiwa mbele ya wote wawili. Yakifanyika Jumapili asubuhi mlangoni mwa kanisa, kitapungua kitu na asubuhi ya mtu itaharibika.

Kwa hiyo jibu langu: baki na watoto, kwa zamu. Hazina iachie. Kwaya nawaachia wanaoijua.

---

Alto_Newala

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni wa Anglikana, lakini kwaya ni kwaya.

Dada, mazoezi mara tatu kwa wiki kwa kawaida ni dalili kwamba mazoezi yenyewe yanavuja. Yanavuja sehemu mbili. Ya kwanza ni kuanza: imeandikwa saa kumi, mwalimu anasubiri watu wafike kumi, wimbo unaanza saa kumi na moja kasoro robo. Waliofika mapema wanajifunza kuchelewa. Anza na watatu waliopo, kwa dakika 10 za kupasha sauti, hata kama sauti ya besi haina mtu. Ya pili ni kufundisha sauti zote nne mahali pamoja: alto wanasikiliza dakika 20 za tena, wanachoka, wanapiga soga, na zamu yao ikifika hawana hamu.

Dawa ipo kwenye simu. Mwalimu arekodi kila sauti peke yake, ubeti mmoja na kiitikio, aitume Jumatatu. Mtu anaisikiliza akianika korosho au akichambua mboga. Asiye na simu ya kupokea sauti apangwe na jirani wa sauti yake. Katikati ya wiki kila sauti ikutane kwa dakika 30 karibu na wanakoishi, Jumamosi kwaya nzima dakika 75: nyimbo mbili zinazojulikana, mmoja mpya, sala, nyumbani. Mkizidisha hapo sauti zinaanza kushuka, na mwalimu atadhani hamjui wimbo kumbe koo zimechoka.

Nyimbo za Krismasi zichaguliwe mwanzoni mwa Septemba na zifundishwe kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi. Oktoba na Novemba ni za kukumbushia tu. Kwaya nyingi zinaanza wimbo mpya mgumu wiki ya kwanza ya Desemba, wakati watu wako ghalani, kwenye foleni ya benki au wanatayarisha shamba la mahindi. Ugomvi wa mkesha huanzia hapo.

Faini ya kuchelewa iondoeni. Shilingi 500 za faini huleta pesa kidogo na kununa kwingi, na anayeshindwa kuilipa huacha kuja kabisa. Kanuni inayofanya kazi bila hasira ni hii: aliyekosa mazoezi mawili ya wimbo mpya hauimbi huo, ila za zamani anaimba na wenzake kama kawaida.

Hapa namshikia katekista shati kidogo. Amesema huduma moja tu msimu wa korosho, nami nasema kuimba kusihesabiwe kama mzigo sawa na hazina. Kwa wengi kwaya ndipo furaha inaporudi. Omba uwe mwimbaji wa msimu: Januari hadi Septemba unahudhuria kikamilifu, Oktoba hadi Desemba unaimba Jumapili nyimbo unazozijua. Mwalimu mwenye busara atakubali ukimwambia Septemba. Ukimwambia siku aliyokuhesabia, atakasirika, na atakuwa na haki.

---

Mhazini_LindiMjini

Salamu kutoka usharikani, sisi ni Walutheri.

Katika hazina, furaha huuawa na hofu kuliko kazi. Kazi yenyewe ya jumuiya ni dakika 30 kwa wiki. Kinachomkosesha mtu usingizi ni pesa za kanisa kukaa kwenye mkoba mmoja na pesa za genge, halafu mtoto anaumwa usiku, unachomoa 10,000 "nitarudisha kesho". Hapo hata sala inakuwa nzito.

Fanya hivi kuanzia wiki hii, hata kama unakusudia kuiacha:

Wanaohesabu wawe wawili wasiolala nyumba moja. Mhesabu palepale kabla ya kutawanyika, mkiandika kwa mafungu: noti 2 za 10,000, noti 3 za 5,000, noti 7 za 2,000, noti 12 za 1,000, sarafu 6,500. Jumla 67,500. Iandike kwa tarakimu na kwa maneno, msaini wote wawili. Ukiandika jumla tupu, siku hesabu ikigoma hutajua kosa liko wapi. Ukiwa na mafungu utaliona upesi, na mara nyingi ni noti ya 2,000 iliyohesabiwa kama 1,000.

Daftari liwe la nakala mbili kwa karatasi ya kaboni, nakala ya juu iende kwa mwenyekiti siku hiyohiyo. Pesa ifike kwenye akaunti au kwa mtunza hazina wa kanisa kabla ya jua la kesho kuzama. Usiiweke kwenye laini yako ya simu. Makato, salio lako na la kanisa vitachanganyika na hutaweza kuvitenganisha kwa karatasi.

La msimu: watu wetu wanaahidi zaka "korosho zikiuzwa". Korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinasubiri mnada, ndipo malipo yanaingia benki siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo ahadi ya Oktoba usiidai Novemba. Andika tarehe ya mwisho wa Januari tangu mwanzo. Mhazini anayewafuata watu kabla hawajalipwa anageuka mdai, wanaanza kumkwepa njiani, naye anaona kanisa zima limemchukia. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba atoaye asitoe kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9). Na anayekusanya naye asikusanye kwa lazima.

Ukikabidhi, kabidhi mbele ya watu watatu: salio la daftari, salio la benki, stakabadhi zote kwenye bahasha moja kwa tarehe. Muandike ukurasa mmoja, kila mmoja abaki na nakala. Bila karatasi hiyo utaendelea kuulizwa maswali miaka miwili baada ya kuacha.

---

Muuguzi_Shangani

Nitasema machache, kuhusu mwili.

Kabla hujaita hali yako ukavu wa kiroho, lala. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Lala kwa muda wa saa saba au nane kila usiku, siku tatu mfululizo, kula mchana, kunywa maji ya kutosha ukiwa shambani. Furaha ikirudi, ulikuwa uchovu. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umepotea, chakula hakipiti, hata watoto wako hawakufurahishi, machozi yanakuja bila sababu, nenda hospitali ukaonane na daktari. Sala iendelee, na daktari aonwe.

Kwa wanaofanya kazi za zamu kama sisi: usipokee huduma yenye siku maalumu. Chukua isiyojali siku, mfano kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kuandika ratiba ya wasomaji wa mwezi, au kuwapigia simu wagonjwa wawili kwa wiki. Ukitoka zamu ya usiku, usiende moja kwa moja kwenye mazoezi.

Na wanaokuja wodini kutembelea wagonjwa, ombi kutoka upande wetu: njooni wawili, si kumi. Nawa mikono kabla na baada, usikae kitandani kwa mgonjwa, dakika 10 hadi 15, sala fupi ya sauti ya chini kwa sababu wa kitanda cha pili naye anaumwa na huenda ni wa dini nyingine. Usimuulize ugonjwa wake mbele ya watu. Ziara fupi ya namna hiyo mgonjwa anaifurahia na wewe unatoka ukiwa na nguvu.

---

Mlezi_Chikundi

Asanteni sana. Hilo la mkate kabla ya zamu limenigusa, na la mafungu ya noti naanza Jumapili hii.

Yamebaki mawili. Namwambiaje paroko bila kuonekana nimeasi? Na somo la watoto, maandalizi yake yakae wapi katika wiki ya kuokota?

---

Mwalimu_wa_Watoto_Masasi

Naanza na la pili, maana hilo ndilo tamu.

Usitafute saa mbili za Jumamosi usiku, hazipo. Gawa vipande vidogo. Jumapili jioni soma Injili ya Jumapili ijayo kwa sauti, mara mbili, wakati sufuria iko motoni: dakika 10. Jumanne chagua sentensi moja tu ambayo mtoto ataondoka nayo. Kama huwezi kuisema kwa maneno yasiyozidi kumi, bado hujaipata. Hiyo unaifikiria ukiwa unaokota, mikono inafanya kazi na kichwa kiko huru. Alhamisi tafuta kitu kimoja cha kushika mkononi. Jumamosi simulia hadithi yote kwa sauti mbele ya mtoto wako mmoja, dakika 7. Akiuliza swali, hilo ndilo swali la darasa.

Mfano ni punje ya haradali, Mathayo 13. Watoto wa huku wengi hawajawahi kuiona haradali, lakini ufuta wanaujua. Chukua punje za ufuta kwenye kijiko, kila mtoto apewe moja kwenye kiganja, aambiwe asiipoteze mpaka hadithi iishe. Waambie wazi kwamba Yesu alitaja mbegu nyingine, huu ni mfano wa udogo tu. Ukimya utakaoupata wakati watoto 40 wanalinda punje moja moja kiganjani hautaupata kwa kiboko wala kwa kelele. Mwisho watoke nje watazame mwembe au mkorosho ulioko uwanjani na kuhesabu ndege walioko ndani yake.

Dakika 40 zigawe hivi: 5 za wimbo, 10 za kusimulia, 15 za kutenda (kuigiza, kuchora chini kwa kijiti ikiwa manila zimeisha), 5 za aya, 5 za sala ambayo watoto wenyewe wanaisema. Linaloharibika zaidi ni kusimulia kuzidi dakika 10, na sababu ni mlezi kusoma kitabuni badala ya kusimulia. Macho yakiwa kwenye karatasi, wadogo wa miaka mitano wanaanza kuvutana nguo. Wakiwa wengi, watenge: chini ya miaka 8 kivuli kimoja, wakubwa kivuli kingine.

Jambo jingine: likizo za Juni na Desemba mahudhurio yanashuka, wengine wako jandoni na unyagoni, wengine kwa bibi zao kuokota korosho. Usihesabu hilo kama kushindwa kwako. Andaa somo la watoto 12 na ulifurahie, maana siku hiyo unaweza kumsikiliza kila mmoja.

Kuhusu paroko: usimwambie mlangoni baada ya Misa watu wakiwa wanamsalimia. Omba dakika 15 siku ya kazi, na anza kwa mwenyekiti wa jumuiya ili asisikie pembeni. Nenda na karatasi moja yenye mambo matatu: huduma unayobaki nayo, unayoiachia na tarehe, na majina mawili ya unaodhani wanaweza, baada ya kuwauliza wenyewe kwanza. Usitaje majina ya watu waliokuudhi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kitakusaidia kama akiuliza sababu: Yethro alimwambia Musa kwamba atachoka yeye na watu wote, ndipo wakawekwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi. Wewe unaomba kuwa mkuu wa kumi.

Tarehe ya kuachia iwe angalau wiki nne mbele. Wiki ya kwanza na ya pili mhazini mpya anakutazama ukihesabu, ya tatu na ya nne anahesabu yeye na wewe unatazama bila kumnyang'anya kalamu. Hapo kwenye kalamu ndipo wengi wetu tunashindwa: tumekabidhi kwa mdomo, mkono bado umeshika daftari.

---

Katekista_Nyangao

Nimekubali la mwimbaji wa msimu, dada wa Newala.

Mama mlezi, uchaguzi wa viongozi wa jumuiya zenu ni lini? Kama ni baada ya Pasaka, peleka karatasi yako Januari, korosho zikiwa zimekwisha na kabla ya Kwaresima. Paroko akiwa na nafasi atakusikiliza akiwa amekaa. Na orodha ya rozari ya kaya 15 ukitaka, niandikie idadi ya kaya zenu, tuipange hapa hapa.